Paa la Bibi Mwamini na Kabari Zilizonuka Mboga

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, afya njema na meno yote, na nimeamua kupumzika kabla kazi haijaniharibu sura. Ukweli wenyewe ni kwamba mwakani naingia kidato cha nne, na mama ametangaza kuwa likizo zote zilizobaki ni za vitabu, na yeyote atakayeniona juu ya ngazi ampigie simu. Kwa hiyo nakabidhi koleo. Nyinyi wadogo zangu mtakaokwenda kusaidia kwa Shangazi Sada likizo ijayo, someni haya kwanza. Vyeo sitavisimulia, kwa sababu nilianza saidia fundi nikamaliza saidia fundi. Mshahara nao tuuache ulipo, haukuwa mtu wa kujitokeza.

Kwa wasiomjua, Shangazi Sada ni dada mkubwa wa baba, fundi mwashi, anakaa Mwanga, hapa Kigoma, nyuma ya soko. Ana sauti ambayo wauza dagaa wanaionea wivu. Kazi inayompa jina mjini ni moja: kubadilisha ukuta uliobeba paa bila kulishusha paa. Mafundi wengine wakiitwa kwenye nyumba iliyoinama wanatingisha kichwa na kusema bomoeni. Shangazi anasema leteni mirunda. Mirunda ni ile miti mirefu iliyonyooka ambayo nyinyi mnaijua kwa kufungia magoli. Kwa Shangazi inashika paa angani wakati ukuta wa chini yake haupo, na mtu aliyekaa pale chini ni wewe.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwenye duka la fundi cherehani, palepale Mwanga. Alitaka mlango upanuliwe, ila hakutaka kuacha kushona, kwa kuwa alikuwa na sare za harusi na mama wa bibi harusi alishakuja kumpigia kelele mara mbili. Basi akashona chini ya mirunda. Tunatoa tofali huku, cherehani inalia kule. Mimi nilidhani kushikiza paa ni kama kuegemeza baiskeli ukutani. Nikakamata nyundo, nikagonga kabari, kile kipande cha mti kilichochongoka cha kukazia mrunda, kwa nguvu zangu zote za kidato cha kwanza, mabati yakapiga yowe, na kutu ikamwagikia shela ya bibi harusi.

Shangazi hakunipiga. Alinishika sikio, akanisogeza mpaka kwenye mrunda, akaniambia neno ambalo nawaachia nyinyi kama urithi:

"Paa haliinuliwi. Linapokewa, kama mtoto anayeshushwa mgongoni kwa mwenzio. Ukimvuta, analia."

Akanionyesha kazi inavyokwenda. Chini unalaza ubao, ili mrunda usitoboe sakafu na kuzama. Juu unapitisha boriti chini ya kenchi, yaani zile mbao zinazobeba mabati. Kati ya mguu wa mrunda na ule ubao unaingiza kabari mbili, moja ikitazama huku, nyingine ikitazama kule, na unazigonga zote kwa zamu, taratibu, mpaka mrunda ukaze. Halafu unaugonga mrunda wenyewe kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Usiobeba kitu unasema *bo*. Uliobeba unasema *ti*. Tangu siku ile hiyo ikawa kazi yangu: kuzunguka na nyundo ndogo, kusikiliza miti. Shuleni kwenye kujaza fomu ya vipaji niliandika "kusikiliza miti", mwalimu akaniita ofisini kuniuliza kama nyumbani ni salama.

Mtu wa tatu kwenye kikosi chetu ni Baba Evelina, seremala. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akakulia juu kule milimani kwenye mihogo na maharage, na neno lake kubwa ni "buhoro buhoro", yaani taratibu. Ukimwambia saa imekwenda, buhoro buhoro. Ukimwambia mvua hiyo, buhoro buhoro. Ugali ukifika, hilo neno hulisikii. Vifaa vyetu vilikuwa timazi, pima maji, tindo, nyundo za kila umri, na jeki moja ya lori iliyokuwa inavuja mafuta kama mtoto mwenye mafua. Moja tu. Laiti tungekuwa nazo nyingi, nusu ya simulizi hii isingekuwepo.

Miaka ikaenda hivyo, likizo baada ya likizo. Majiko yaliyobonyea, vyumba vilivyopasuka, ghala la wavuvi kule Mwamgongo ambako tulisafirisha mirunda kwa boti na abiria mmoja akailalia njia nzima akidai amelipia. Nilijifunza kuchanganya udongo, kusoma timazi, na kumjibu Shangazi nikiwa mbali na mkono wake. Halafu mwaka huu ikaja nyumba ya Bibi Mwamini.

Bibi Mwamini ni mjane wa Ujiji. Nyumba yake ni ya tofali za udongo, ya zamani, na baraza refu mbele. Ukuta wa kati, unaotenganisha sebule na chumba chake cha kulala, ndio unaobeba paa, na mchwa na unyevu walikuwa wameula chini mpaka ukatokeza tumbo kama mzee aliyetoka shughulini. Mume wake alikuwa mvuvi. Tangu afariki, mdogo wa marehemu, Mzee Shabani, amekuwa akiitazama nyumba ile kwa jicho la mtu anayepima. Alitaka ibomolewe, zijengwe fremu za maduka, na shemeji yake apelekwe Kasulu kwa binti yake.

Kikao cha ukoo kikakaa. Wazee wakavutana, mwisho wakaamua hivi: Bibi Mwamini akiweza kubadilisha ukuta na paa likabaki juu lilipo, nyumba ni yake mpaka siku yake. Paa likishuka, nyumba imekwisha, ibomolewe. Shangazi alipofika kuangalia kazi, Bibi alimwambia yote hayo huku akichambua mchele, bila kuinua macho.

"Kasulu sina ugomvi nako," alisema. "Ila nitaamka asubuhi nitazame nini, migomba?"

Shangazi akamwambia atatazama ziwa. Akasema kwa sauti yake ileile ya sokoni, na Mzee Shabani alikuwa barabarani, kwa hiyo sasa ilikuwa imetangazwa.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana ni kosa la sisi watu wa ziwa, mtu wa Dodoma hawezi kulifanya hata akijitahidi. Habari ilipofika mwaloni, kule ufukweni mitumbwi inakofikia, kwamba nyumba ya marehemu inatengenezwa, wavuvi wenzake walikuja na mchango. Walibeba magogo mabegani, mafupi, mazito, meusi kwa uzee, wakayaweka barazani na kumpa Bibi pole. Mchango wa marafiki wa marehemu haukataliwi. Ukiukataa umemkataa marehemu. Baba Evelina akayakagua, akayapiga kwa kisigino cha shoka, akafurahi. Mti mgumu kweli, haupasuki ovyo. Akayachonga kabari zote za kazi ile kutoka kwenye magogo yale, nzuri kama mkate uliokatwa. Hakuna aliyeuliza yale magogo yalikuwa yakifanya kazi gani huko mwaloni kabla ya kustaafu.

Tukapanga mirunda, safu sebuleni na safu chumbani, ukuta katikati. Tukalaza mbao chini, tukapitisha boriti juu, tukagonga kabari. Nikazunguka na nyundo yangu: ti, ti, ti, ti. Muziki. Shangazi akagawa ukuta vipande vitatu, kwa kuwa sheria yake ni kwamba ukuta huwa hauvunjwi wote kwa mpigo, hata mirunda ikiwa ya chuma. Tukabomoa kipande cha upande wa barabarani, tukachimba msingi, tukakipandisha kwa tofali za kuchoma. Siku hizo mawingu yalikuwa yamelala juu ya ziwa, baridi nzuri ya kufanyia kazi. Paa halikukohoa.

Kipande kikakomaa, tukafungua cha katikati, kile chenye mzigo mkubwa kuliko vyote. Siku hiyo jua likatoka kama lilikuwa linadaiwa. Kufikia mchana mabati yalikuwa yanachoma, na ndani ya chumba kulikuwa na joto la tanuri la kukaushia samaki. Ukuta uko wazi katikati, tundu ambalo ng'ombe angepita. Nikapita na nyundo yangu kama kawaida. Ti. Ti. Bo.

Nikarudia. Bo.

Nikagonga wa pili yake. Bo. Nikatazama chini, kabari imetoka nje kidogo, kama ulimi wa mtoto anayekuzomea. Nikaigonga ikarudi. Nikaondoa nyundo, ikatoka tena, bila haraka, huku naiangalia. Juu kenchi ikasema nyiii, na vumbi likatushukia. Paa lilikuwa limeshuka unene wa kidole. Nikaishika ile kabari kwa mkono niirudishie adabu, mkono ukateleza. Nikaunusa.

"Shangazi," nikasema, "kabari inanuka mboga."

Shangazi aliniahidi mwiko wa kichwa. Kisha akainama, akanusa mwenyewe. Baba Evelina naye akanusa. Tulikuwa watu watatu tumepiga magoti chini ya paa linaloshuka, tunanusa miti.

Mawese. Yale magogo ndiyo wanayolaza mchangani kuvutia mitumbwi nchi kavu, na kila siku ya Mungu wanayapaka mawese yaliyochacha ili mtumbwi uteleze. Miaka na miaka yamekunywa mafuta mpaka kwenye kiini. Wakati wa baridi mafuta yaliganda ndani, yakatulia. Jua lilipopiga bati, yakayeyuka, yakatoka kufanya kazi yake. Mti uliofundishwa kuteleza maisha yake yote, sisi tumeuambia simama. Kila mtu Kigoma anajua magogo ya mwaloni yanapakwa mawese. Sisi tulijua pia. Tulijua tukiwa mwaloni tu.

Shangazi akanyamaza. Nyinyi mtakaomfuata jueni hili: akipiga kelele mambo ni mazuri. Akinyamaza, tafuta mlango uko wapi. Nilishautafuta, ila yeye hakutoka, na mimi ndiye mwenye masikio ya kusikiliza miti, nikabaki. Akamwonyesha Baba Evelina kwa kidole. Baba Evelina akakata vipande vya ubao, akavipigilia misumari nyuma ya kila kabari ili isitoke. Mara hii buhoro buhoro hakuisema. Zikasimama. Ila misumari kwenye ubao wenye mzigo ule haiwezi kuaminiwa mpaka jioni, tena mingine ilishaanza kupinda tukiiona.

Nje, yowe la kenchi lilikuwa limefika kwa mwenye kulisubiri. Mzee Shabani alikuja na wazee wawili wa ukoo, wakasimama barabarani, mikono nyuma. Bibi Mwamini alikuwa amekaa barazani kwake, na tulipomwomba asogee mbali na nyumba alisogeza mkeka kidogo tu, kwa heshima yetu.

"Shemeji," Mzee Shabani akamwambia, kwa upole kabisa, "mimi sikusema kitu. Nyumba yenyewe imeamua."

"Nyumba haijaulizwa, Mzee," Shangazi akajibu kutoka ndani, na nilifurahi sana kuisikia ile sauti imerudi.

Tulihitaji kabari mpya, za mti mgumu, mkavu, sasa hivi. Baba Evelina alikuwa na mbao laini tu, ambazo zingebonyea kama ndizi. Kwenda mjini kutafuta na kurudi, misumari isingengoja. Nikatoka nje kuvuta pumzi, na pale ukutani jikoni kwa Bibi umeegemezwa mchi. Ule mkubwa wa kutwangia muhogo mkavu. Mgumu, mzito, mweupe kwa unga.

Nikaurusha ndani kwa Baba Evelina. Akaupiga kwa kisigino cha shoka.

"Ego," akasema. Ndiyo. "Mingine."

Nikasimama barazani nikaita majirani. Ndugu zangu, wanawake wa Ujiji wakisikia jirani yao anataka kupelekwa Kasulu hawaji mikono mitupu. Walikuja na michi kama jeshi. Mzee Shabani na wazee wake wakarudi hatua kadhaa, nadhani walielewa vibaya. Na mimi nikajipa cheo pekee nilichowahi kupata kwenye kazi hii: afisa wa forodha wa michi. Hakuna mchi uliopita bila kupita puani kwangu kwanza. Wa kutwanga unga, pita. Wa kisamvu, mbichi, kaa pembeni. Wa kutwangia chikichi, rudi nyumbani.

Mama mmoja mnene nikamrudishia wake, akashika kiuno.

"Mchi wangu una nini?"

"Una mawese, mama."

"Na wewe una pua," akasema, akaenda zake, na kabla sijamaliza foleni alirudi na mwingine, wa mama mkwe wake, umejaa unga mpaka juu. Huyo mama nikimwona sasa namwamkia shikamoo mara mbili.

Baba Evelina akakata, akachonga. Shangazi akaleta jeki. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unaweka jeki pembeni ya mrunda, inapokea mzigo, unatoa kabari ya mawese, unaingiza ya mchi, unagonga, unalegeza jeki, unahamia mrunda mwingine. Jeki moja, mirunda safu mbili. Ilivuja, tukaipangusa. Ikasinzia, Shangazi akaitukana ikaamka. Mimi nasikiliza. Bo ikageuka ti, mmoja baada ya mwingine, chumbani mpaka sebuleni.

Wa mwisho ulikuwa wa katikati kabisa, kwenye lile tundu, na hapo jeki ikafika kikomo cha shingo yake kabla mzigo haujaachia kabari. Msumari mmoja nyuma ya kabari ukaruka, ukalikosa sikio langu kidogo tu. Shangazi akaniambia toka. Nikamwambia nikitoka nani atasikiliza. Akanitazama, akachukua ubao wa kusagia ripu, akailegeza jeki, akausukuma chini yake, akapampu tena. Nikaweka sikio kwenye mrunda. Mti ukiwa karibu kuachia mzigo unanong'ona, kama mtu anayevuta pumzi puani.

"Sasa," nikasema.

Baba Evelina akaing'oa ya zamani kwa mkono mmoja, akaingiza mpya kwa mwingine. Shangazi akagonga huku, akagonga kule. Mimi nikagonga mrunda.

Ti.

Halafu kile kidole ambacho paa lilishuka, tukakirudisha, kabari zote kwa zamu, pigo dogo dogo, mzunguko baada ya mzunguko, na safari hii Baba Evelina aliimba buhoro buhoro yake na sote tukamfuata, hata wanawake wa michi nje wakaidaka, mpaka paa likarudi kwenye alama ya chaki ambayo Shangazi aliiweka siku ya kwanza. Kenchi ikasema nyiii tena, ila ya mtu anayenyooka mgongo. Tulipotoka nje tulikuwa weupe kwa vumbi na unga wa muhogo. Wazee wa ukoo walikuwa wamekalia baraza wanakunywa chai ya Bibi. Mzee Shabani hakuletewa kikombe.

Yaliyofuata ni kazi ya kawaida, na kazi ya kawaida ikienda vizuri haina hadithi. Tukapandisha kipande cha katikati, tukafungua cha tatu, tukakimaliza. Juu kabisa, pale tofali linapokutana na boriti, tulishindilia saruji kavukavu kwa tindo mpaka ikakataa kuingia, kwa sababu ukiacha nafasi hata ya kupita karatasi, siku ya kutoa mirunda paa litaitafuta. Wale mama walichongewa michi mipya na Baba Evelina, na mama mnene akaunusa wake kabla ya kuupokea.

Ukuta ukakomaa. Siku ya kutoa mirunda wazee wote wa ukoo waliitwa, wakasimama sebuleni wametazama juu kama wanaotafuta mwezi. Tukalegeza kabari kidogo kidogo, safu hii na safu ile, paa lianze kukaa kwenye ukuta wake mpya bila kushtuka. Mimi nikazunguka na nyundo yangu. Mrunda wa mwisho ulisema bo, na safari hii bo ilikuwa sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia, maana mzigo ulikuwa umehamia ukutani. Shangazi akauchukua, akautoa nje begani kama mtu anayetoa fagio. Alama ya chaki haikusogea. Mzee Shabani akaenda kuugonga ukuta kwa fimbo yake, hapa, pale, na chini kabisa. Nikamwambia kwa heshima zote, Mzee, hata mimi nimeshajaribu. Wazee wakacheka. Mkubwa wao akamwambia Bibi Mwamini nyumba ni yake, kisha akauliza chakula kama kipo.

Bibi akainuka. Akatutoa wote nje, wazee, mafundi, majirani, akafunga mlango. Tukadhani anataka kulia peke yake. Baada ya muda mlango ukafunguka, amevaa kanga mpya, nyuma yake harufu ya wali na samaki. Akaita mmoja mmoja. Sada mwanangu, karibu ndani. Baba Evelina, karibu. Pili mjukuu wangu, karibu, na pua yako. Wazee wakaitwa kwa majina yao. Mzee Shabani akainua mguu kutufuata, kama alivyozoea kuingia nyumba ile tangu kaka yake afariki, mguu kwanza, salamu baadaye.

Bibi Mwamini akaweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Wewe shemeji," akasema, "piga hodi."

Akaurudisha mlango. Sebuleni tukatega masikio, hata Shangazi. Nje viatu vyake vikasogea, vikarudi. Kisha ikaja, ndogo, kama mrunda usiobeba kitu:

"Hodi."

Bibi Mwamini akakaa kwenye mkeka chini ya paa lake, akajimiminia chai, akaweka sukari, akakoroga mpaka alipotosheka.

"Nani?" akauliza.